Watani wa jadi wa lakrosi ya vyuo Marekani: nani anaua mechi zao, ratiba au sisi wenyewe?

#1 Mzee_wa_Towson

Wakuu, salaam. Najua humu wengi ni watu wa kandanda, ila tuliopo Maryland, Virginia na kaskazini ya New York tunaishi katikati ya lakrosi tupende tusipende. Ikifika Februari, theluji bado haijayeyuka, vijana washatoka uwanjani na fimbo zao.

Hoja yangu ni moja. Vyuo vya Johns Hopkins na Maryland ni watani wa jadi tangu 1895. Kutoka Homewood, kwa Hopkins hapa Baltimore, hadi College Park kwa Maryland ni chini ya saa moja kama barabara haijafunga. Zamani mechi ile ilijitegemea. Hakuna pointi za ligi, hakuna msimamo, unacheza kwa sababu ni yule. Tangu msimu wa 2015 wote wako ligi ya Big Ten (Hopkins kaingia kwa lakrosi tu, michezo yake mingine mingi iko Divisheni ya Tatu, daraja la chini), na wametengenezewa hadi kombe la mechi yao: kaa wa mbao. Kaa kweli, yule wa baharini, maana Maryland bila kaa si Maryland.

Mimi nasema kuingia ligi kumeipoza. Sasa wanaweza kukutana Aprili kwenye ligi, wakakutana tena kwenye mashindano ya ligi, kisha tena kwenye mtoano wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo, mwezi Mei. Unayekutana naye mara tatu kwa msimu bado ni mtani? Na wale walioachwa nje ya ligi za wenzao, mechi zao zimesukumwa Jumanne usiku au zimefutwa. Karibuni, hasa mliowahi kucheza.

#2 Mtani_wa_Msimbazi

Lakrosi ndiyo ule mchezo wa watu wazima kukimbizana na nyavu za dagaa? Endeleeni, nimeketi.

#3 Hesabu_Kali

Mtani, kwa kifupi: wanaume 10 kila upande, fimbo yenye kikapu cha nyuzi kichwani, mpira mgumu wa raba, robo nne za dakika 15. Ukikupata mbavuni bila kinga hutasema dagaa tena.

Mzee, marekebisho mawili. 1895 walikutana kweli, ila wakati huo Maryland ilikuwa bado Chuo cha Kilimo cha Maryland, na utani wenyewe umekomaa baadaye sana. Pili, usiseme mechi ile haikubeba chochote. Mashindano ya NCAA ya wanaume yameanza 1971, Cornell akachukua la kwanza kwa kumfunga Maryland 12-6. Kabla ya hapo bingwa alikuwa anateuliwa, hakuna fainali. Kumfunga mtani wako ndiyo ilikuwa hoja yako mbele ya wateuzi. Ndiyo maana Hopkins wanahesabu mataji 44 wakati ya NCAA ni 9, la mwisho 2007. Maryland ana manne ya NCAA: 1973, 1975, 2017 na 2022. Ukitaka ugomvi Baltimore, uliza kama yale 35 mengine yanahesabika.

#4 Mzee_wa_Towson

Yanahesabika.

#5 BintiMvita

Assalaam aleikum. Mimi niko Syracuse, nimeolewa huku, na naona Mzee anazungumza kama lakrosi yote ni Baltimore. Njoo huku uone Syracuse na Hobart. Wameanza kuchezana 1916. Hobart iko Geneva, kando ya ziwa Seneca, kama saa moja kwa gari. Wana kombe lao, Kraus-Simmons, limepewa majina ya makocha wa pande zote mbili.

Sasa sikiza. Hobart ni chuo kidogo mno, lakini kwenye Divisheni ya Tatu walichukua mataji 12 mfululizo, 1980 hadi 1991. Mashindano ya divisheni hiyo yalipoanzishwa hakuna mwingine aliyebeba mpaka walipochoka wao. Mwaka 1995 wakapanda Divisheni ya Kwanza. Na huko ndiko utani ulikofia kwangu mimi, si kwenye ratiba. Wamepanda kumfuata mkubwa, na mkubwa keshakuwa mkubwa zaidi. Syracuse anacheza ndani ya uwanja wenye paa, mbele ya maelfu, ana wachezaji kutoka kila jimbo. Mechi ipo, kombe lipo, lakini watu huku wanauliza tofauti ya magoli, hawaulizi nani kashinda. Hilo utalitibu kwa ratiba gani?

#6 Hesabu_Kali

#5 uko sawa kwa 12. Ongeza na hili: 2012 wakuu wa Hobart waliamua kuirudisha timu Divisheni ya Tatu. Wachezaji wa zamani wakaja juu, simu na barua, na ndani ya siku chache uamuzi ukageuzwa. Kwa hiyo waliocheza zamani wana nguvu wakitaka. Kwenye ratiba mbona hawaji juu?

#7 Dereva_wa_Bukavu

Jambo benyewe. Miye njo naendeshaka basi za timu huku juu, New York mpaka Pennsylvania na Maryland. Munasema ratiba, ratiba, miye naionaka kwa macho. Mechi ya Jumanne inaisha saa tatu ya usiku. Batoto banaingia na mifuko mikubwa, fimbo chini ya viti, viatu vya matope, harufu haina jina. Kama balishinda, kelele nusu saa. Kama balishindwa, unasikia injini tu. Kisha zile taa ndogo za juu ya viti zinaanza kuwaka, moja, mbili, kumi: banasoma. Kesho asubuhi kuko mtihani. Tunafika saa nane ya usiku.

Mukubwa wa timu moja, jina naacha, aliniambia balikata mechi ya zamani juu ya ile safari, hapana juu ya ligi. Mafuta, hoteli, chakula ya batu zaidi ya hamusini. Muulize muhasibu, musiulize kocha.

#8 Mtani_wa_Msimbazi

Dereva hapo juu ndiye wa kwanza kusema kitu kinachoeleweka.

#9 Fimbo_Ndefu

Habari wadau. Wazazi wangu wa Tanga, mimi nimekulia Silver Spring. Nilicheza beki Divisheni ya Tatu, chuo kimoja Pennsylvania. Divisheni ya Tatu hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, unacheza na ada unalipa.

Watu huona magoli. Mimi nakumbuka baridi. Mwezi wa pili, asubuhi, mpini wa fimbo ni wa aluminiamu, unashika kama umeshika barafu. Beki anabeba fimbo ndefu, futi sita, kwa hiyo chuma ni kingi. Nilivaa glavu za jikoni, zile za njano za kuoshea vyombo, ndani ya glavu za mchezo. Kocha aliniona akacheka, wiki iliyofuata nusu ya mabeki wamevaa za njano. Vidole vilikuwa vikavu lakini vimekunjamana kama vya mzee wa miaka 90.

Mtani wetu alikuwa chuo cha ng'ambo ya mto. Miaka na miaka mechi ile ilikuwa ya mwisho wa msimu, Jumamosi. Wazee waliocheza zamani wanakuja na majiko, wanachoma nyama tangu asubuhi, wanakwambia walichomfanya fulani kabla wewe hujazaliwa. Nikiwa mwaka wa tatu ligi ikaihamisha: Jumatano, katikati ya Machi. Tulishinda. Jukwaani kulikuwa na watu ambao ningeweza kuwasalimia mmoja mmoja kwa jina. Kwa hiyo mimi niko na Mzee kwenye ratiba.

Ila siko naye kwenye ligi. Angalieni Salisbury na Washington College, huko pwani ya mashariki ya Maryland. Mmoja ni chuo cha serikali na jitu la Divisheni ya Tatu, mwingine ni chuo kidogo cha Chestertown chenye taji moja, la 1998. Wako ligi tofauti. Hakuna anayewalazimisha. Na bado wanachezana, mechi inaitwa vita ya pwani, wana Kombe la Clark. Kama ligi ndiyo inayoua kwa kuwaweka pamoja, na ligi ndiyo inayoua kwa kuwatenganisha, basi ligi imekuwa mchawi wa kila msiba.

#10 Mzee_wa_Towson

Kijana kasema vizuri. Hata hivyo hao wa pwani ya mashariki wana bahati ya kijiografia, hawana pa kwenda.

#11 Nyakati_254

Wasee, mnazunguka mbuyu. Ni televisheni. Hopkins ndiye aliyekuwa na mkataba wake mwenyewe wa kurusha mechi za nyumbani kwenye chaneli ya ESPNU, wakati wengine wanaomba hata kamera moja. Alikuwa anaweza kupanga anavyotaka. Akija ligi, ligi ina televisheni yake, inataka mechi za ligi wikendi, mchana, Aprili. Wapi utaweka mtani wa nje? Jumanne. Kwisha.

Niko Columbus, Ohio. Huku Ohio State na Michigan wanachukiana kwenye lakrosi kana kwamba wameanza karne ya 19. Michigan ameingia Divisheni ya Kwanza 2012! Utani wameuazima kutoka mpira wa Kimarekani, wakaubeba mzima mzima. Watu wanakuja na chuki tayari imepikwa. So historia ya 1895 si lazima, buda.

#12 Hesabu_Kali

Televisheni ni nusu. Nusu nyingine ni jinsi timu zinavyoingia mtoano, na hapa wengi hawaelewi kwa nini Hopkins aliacha kujitegemea.

Bingwa wa ligi anapata tiketi ya moja kwa moja, lakini ligi lazima iwe na timu 6. Big Ten walikuwa na Maryland, Rutgers, Penn State, Ohio State na Michigan. Tano. Hopkins akawa wa sita. Yaani wao walimhitaji yeye kama yeye alivyowahitaji wao. Upande wa pili ligi ya ACC, Maryland alipoondoka baada ya 2014 wakabaki watano: Duke, North Carolina, Notre Dame, Syracuse, Virginia. Ligi ngumu kuliko zote na haina tiketi ya moja kwa moja. Kila mmoja anasubiri kamati.

Kamati inaangalia alama za RPI (kipimo cha ushindi wako na wa wapinzani wako), ugumu wa wapinzani, nani umemfunga. Notre Dame 2022 alimaliza na ushindi 8 na vipigo 4, akaachwa nje. 2023 akachukua ubingwa, 2024 akachukua tena kwa kumfunga Maryland 15-5. Sasa wewe ni kocha, umeona hilo. Utampa mtani wako wa zamani aliyeshuka kiwango nafasi kwenye ratiba? Ukimfunga hupati kitu. Akikufunga umekwisha.

#13 Fimbo_Ndefu

Hapo #12 umetoa sababu ya makocha kuogopa, hujatoa sababu ya utani kufa. Maryland na Virginia walikuwa ligi moja, wakaachana 2014. 2019 wakakutana robo fainali, Virginia akashinda 13-12 muda wa nyongeza. 2021 wakakutana fainali, Maryland hajafungwa msimu mzima, Virginia akashinda 17-16. Nenda College Park leo uvae jezi ya Virginia uone kama utani umekufa. Fainali inaweza kufanya kazi ambayo ratiba imeshindwa.

#14 BintiMvita

Nakubaliana na Fimbo. Syracuse na Hopkins hawajawahi kuwa ligi moja hata siku moja, wala si majirani, ni mwendo wa saa tano na zaidi. Lakini 1983 fainali Hopkins anaongoza 12-5, Syracuse akarudi akashinda 17-16. 1984 Hopkins akalipiza, 1985 akarudia, 1989 Syracuse akashinda 13-12. Mzee mmoja msikitini kwetu, mfanyakazi mstaafu wa chuo, hajui jina la gavana lakini ile 12-5 anakusimulia goli kwa goli. Utani huo umezaliwa na fainali.

#15 Mama_Neema

Habari zenu. Nimesoma kurasa zote na hakuna aliyetaja wasichana. Mnajua Maryland wanawake walichukua mataji saba mfululizo, 1995 hadi 2001? Mnajua Northwestern, chuo cha Illinois kisichokuwa hata karibu na nchi ya lakrosi, kilichukua matano mfululizo 2005 hadi 2009 chini ya Kelly Amonte Hiller, ambaye mwenyewe alichezea Maryland? Huo ndio utani: mwanafunzi anaondoka, anajenga jeshi lake, anarudi kuwafunga. Hamuujui kwa sababu hamtazami.

Binti yangu ni kipa. Ratiba yao mwaka jana, mechi ya nusu fainali ya ligi iliangukia kipindi cha mitihani ya mwisho. Walifanya mtihani wa takwimu hotelini, kwenye chumba cha kifungua kinywa. Msimamizi ni kocha msaidizi, mashine ya waffle inalia nyuma yao, wageni wa hoteli wanapita na sahani. Alinipigia akasema, mama, swali la tatu nimelijibu huku mtu ananiuliza kama kiti kina mwenyewe. Alifaulu. Mechi walipoteza. Mtu anieleze nani alikaa mezani akapanga tarehe ile.

#16 Mtani_wa_Msimbazi

Mama, tarehe za mechi kubwa ni siri za serikali. Sisi Machi 8, 2025 tulijiandaa na Dabi ya Kariakoo, tukaambiwa imeahirishwa siku ile ile. Imechezwa Juni 25.

#17 Nyakati_254

Na mkafungwa 2-0 😂

#18 Mtani_wa_Msimbazi

Turudi kwenye lakrosi.

#19 Kampala_Lax

Salamu kutoka Kampala. Mimi si wa chuo cha Marekani lakini mna ruhusa ya kunisikiliza. Uganda ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kucheza ubingwa wa dunia wa wanaume, Denver, 2014. Sisi tuliokuja nyuma yao tulijifunza kwa vifaa walivyoleta wageni kutoka vyuo vya huko. Vitu vimetumika. Helmeti moja mnavaa wawili kwa zamu, jasho la mwenzako bado la moto.

Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi kwenye mpini, maneno ya kuwaapia kipigo Navy. Sikujua Navy ni nani. Nilidhani ni jina la mtu aliyemkosea mwenye fimbo. Nikacheza msimu mzima na chuki ya mtu mwingine mkononi. Baadaye ndiyo nikaelezwa habari za Army na Navy, vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini. Hao nao ratiba imewaua?

#20 Hesabu_Kali

Hawajafa hata kidogo, na ndiyo maana hoja ya #1 inachechemea. Army na Navy wako ligi moja, Patriot League, wanachezana kila mwaka, wakati mwingine zaidi ya mara moja, na mechi haijapoa. Pale Navy ukimfunga Army unapewa nyota ya kuvaa pamoja na herufi ya chuo. Mchezaji anaweza kumaliza chuo bila taji lolote, lakini atakwambia ana nyota ngapi.

#21 Mzee_wa_Towson

Wanajeshi wasihesabiwe. Wao hata wakicheza bao watachukiana.

Na kabla hamjanisonga zaidi, Loyola na Hopkins. Wote Baltimore, wote mtaa mmoja, Charles Street, unaweza kutembea kwa miguu kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Mechi ina jina la kutisha, mauaji ya Charles Street. Loyola 2012 akawa bingwa wa nchi nzima, akamfunga Maryland 9-3. Wako ligi tofauti. Kwa hesabu ya Fimbo_Ndefu ilipaswa kuwa moto. Mimi hukaa upande wa Loyola, nyuma ya goli. Zamani ukichelewa unasimama. Siku hizi nachagua kiti.

#22 Fimbo_Ndefu

Mzee, labda ni kwa sababu watu wanatazama kwenye simu.

#23 Mzee_wa_Towson

Hiyo nayo ni sababu ya tano au ya sita? Nimepoteza hesabu.

#24 BintiMvita

Kampala_Lax, karibu. Ukija huku nitakuonyesha sanamu na picha za Jim Brown. Watu humjua kwa mpira wa Kimarekani, ila wazee wa lakrosi watakwambia huku ndiko alikokuwa hatari zaidi. Mei 1957 alishiriki riadha dhidi ya Colgate, kisha siku hiyo hiyo akavaa vifaa akacheza lakrosi dhidi ya Army, na Syracuse akamaliza msimu bila kufungwa. Hadithi inasema alivuka uwanja bado anavua viatu vya riadha.

#25 Hesabu_Kali

Riadha na lakrosi siku moja, kweli. Viatu ni chumvi ya baadaye. Usimsahau kipa wa timu ile ya 1957: Oren Lyons, Muonondaga, ambaye baadaye amekuwa mmoja wa wazee wanaosikilizwa zaidi wa Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji asilia, Waonondaga wakiwemo.

#26 Kampala_Lax

Acha chumvi iwepo kidogo mkuu.

#27 Mzee_wa_Towson

Mmetaja Jim Brown, basi nami nitaje Morgan State, chuo cha watu weusi hapa hapa Baltimore. Walikuwa na timu ya lakrosi 1970 hadi 1981, wakiitwa Dubu Kumi. Vijana wengi hawakuwa wamewahi kushika fimbo kabla ya chuo. 1975 walisafiri hadi Lexington, Virginia, wakamfunga Washington and Lee 8-7 kwake, timu iliyokuwa haifungwi nyumbani. Nimekaa na mzee mmoja aliyekuwa jukwaani enzi zile. Hakunisimulia goli hata moja. Alinisimulia kimya cha upande wa pili wakati basi la Morgan linaondoka.

Mchezaji mmoja wa timu ile, daktari Miles Harrison, ndiye baba yake Kyle Harrison, yule wa Hopkins aliyechukua Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 2005, mwaka ambao Hopkins hakufungwa hata mechi moja na fainali akamfunga Duke 9-8. Baba timu yake imefutwa, mtoto anabeba kombe maili chache kutoka pale. Halafu chuo kingine cha watu weusi hakikuwa na timu ya Divisheni ya Kwanza mpaka Hampton 2016. Tunalia mechi za watani zinahamishwa Jumanne. Morgan mtani wake angekuwa nani, timu yenyewe haipo?

#28 Dereva_wa_Bukavu

Hii ya Morgan sikuijuaka. Asante mzee.

#29 Nyakati_254

Ongezeni sababu nyingine: wachezaji wenyewe wanahama. Zamani unaingia chuo, unakaa miaka minne, unazikwa na rangi zake. Baada ya msimu wa 2020 kukatizwa na korona wakapewa mwaka wa ziada, na sheria za kuhama zimelegezwa. Jonathan Donville alikuwa Cornell. Ivy League, ligi ya Cornell, walikataa kucheza 2021, na kwao ukishamaliza shahada ya kwanza ni vigumu kuendelea kucheza. Akaenda Maryland. 2022 fainali ni nani na nani? Maryland na Cornell. Maryland 9, Cornell 7. Jamaa anawafunga watu aliolala nao chumba kimoja. Utamchukia vipi mtani ambaye mwaka jana alikuwa anakuazima chaja?

#30 Fimbo_Ndefu

Swali zuri, na jibu langu litawaudhi. Sisi hatukuwahi kuwachukia hivyo. Waliochukia ni wazee wa jukwaani. Baada ya mechi mnapanga mstari, mnapeana mikono, glavu kwa glavu, kila mmoja anasema mechi nzuri, mechi nzuri, macho chini. Beki wa ng'ambo ya mto alinivunja kidole mwaka wa pili, kwa fimbo, mwamuzi hakuona. Mwaka wa nne kwenye mstari ule ule akanishika mkono akauliza kidole kikoje. Leo tunafanya kazi jengo moja Bethesda. Tunakula mchana pamoja. Timu yake sijawahi kuitakia heri hata mara moja, wala yeye yangu.

#31 Mama_Neema

Kwa hiyo utani ni wa wazee wanaochoma nyama, na ratiba inawaumiza wao, si wachezaji?

#32 Fimbo_Ndefu

Sijasema hivyo.

#33 Hesabu_Kali

Umesema hivyo.

Cornell nao tuwape haki yao. Walishinda mechi 42 mfululizo, mataji ya 1976 na 1977 humo ndani, mpaka fainali ya 1978 Hopkins akawakata 13-8. Wakasubiri hadi 2025 kulichukua tena, dhidi ya Maryland, 13-10. Ivy League wanacheza msimu mfupi kuliko wengine, wanaanza kwa kuchelewa, na bado wana watani wao wa karne nzima. Ratiba fupi inakulazimisha kuchagua, na wamechagua watu wao. Labda tatizo la hao wengine ni nafasi nyingi, si chache.

#34 Mzee_wa_Towson

Hiyo nitaifikiria. Ila Ivy wana fedha za kufikiria polepole.

#35 BintiMvita

Mnabishana 1895 na 1916 kana kwamba huo ndio mwanzo. Waonondaga walikuwa wanaucheza hapa kabla ya chuo chochote kuwa na jiwe la msingi. Lyle Thompson na nduguye Miles, watoto wa Onondaga, waligawana Tewaaraton 2014 wakiwa Albany, Lyle akaichukua tena 2015. Na sasa lakrosi inarudi Olimpiki Los Angeles 2028, wachezaji sita kila upande, na Haudenosaunee bado wanapigania kuingia kwa bendera yao. IOC, kamati ya Olimpiki, inawaambia wapitie Marekani au Kanada. Mtani mkubwa kuliko wote wa mchezo huu hana nafasi kwenye ratiba, na hapa tunalia Jumanne.

#36 Nyakati_254

Hiyo ya sita kwa sita itaua fimbo ndefu kabisa, mabeki wote watatumia fupi. Fimbo_Ndefu jiandae kubadilisha jina.

#37 Fimbo_Ndefu

Sibadilishi.

#38 Mzee_wa_Towson

BintiMvita, hiyo ya Haudenosaunee inataka uzi wake. Ufungue wewe, uko nao jirani. Hapa tubaki na vyuo. Na Dereva, ukishuka tena Baltimore na timu yoyote niandikie faraghani, nitakuletea pilau pale maegesho ya mabasi.

#39 Dereva_wa_Bukavu

Nakuja mwezi wa ine. Weka na pilipili.

#40 Mtani_wa_Msimbazi

Mimi bado sijaelewa mpira hauanguki vipi wakikimbia.